Mnaosema kelele za ekzosi haziui mtu, someni yaliyotukuta Maramba enzi za Mwingereza

BRAAA-ba-ba-ba-BRAAA. Halafu kimya kidogo. Halafu PAA! kama bunduki.

Wakuu, mlio huo niliusikia mara ya kwanza Jumapili moja alasiri, Maramba, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Sasa nina miaka themanini na ushei na nimesahau mengi. Majina ya wajukuu nayachanganya. Mlio huo sijausahau.

Assalamu aleikum, na Bwana asifiwe kwa wenzetu. Walionizidi umri kama mpo humu, shikamooni, ingawa nadhani mmebaki wachache.

Nimekuja na hasira, nawaambia mapema.

Juzi kuna kijana alianzisha uzi humu akauliza afanyeje ili ekzosi ya pikipiki yake itoe mlio mkubwa. Mkamjibu kwa furaha kama mnampa mapishi ya pilau. Kata hapa, toboa pale, ng'oa kile cha ndani. Mzee mmoja akauliza, na jirani mwenye mgonjwa je? Mkamcheka. Mmoja wenu akaandika, "Kelele haziui mtu mzee, kalale." Laiki kibao.

Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, nikaweka simu chini, nikatoka kwenda kukaa barazani. Hapa Nguvumali bodaboda zinapita na hizo ekzosi zenu mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nikasema leo nitaandika.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Yote yametokea. Sijaongeza kitu. Ningekuwa na uwezo wa kupunguza, ningepunguza.

Twende.

Baba yangu alikuwa dresa. Vijana neno hilo hamlijui. Dresa ni yule wa zahanati ndogo, anasafisha vidonda, anachoma sindano, anatoa dawa ya minyoo. Watu walimwita dakitari kwa sababu daktari mwenyewe alikuwa Tanga mjini na hawajawahi kumtia machoni.

Zahanati ilikuwa Maramba, vyumba viwili. Vijiji vya pembeni baba alivifuata kwa pikipiki. Aliinunua kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Kuukuu, rangi imebabuka, tangi limebonyea. Lakini ilikuwa na sauti laini.

Tuku-tuku-tuku-tuku. Kama mtu anatwanga kisamvu nyumba ya tatu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Darasa la nne nimemaliza, na kwetu wasichana tuliishia hapo. Lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, basi baba akanifanya karani wake. Nakaa nyuma, miguu upande mmoja, kanga nimeibana, sanduku la dawa mapajani, daftari la wagonjwa ndani ya sanduku.

Jamani, nilikuwa naipenda kazi ile! Nikiwa nyuma ya baba naota macho wazi. Nitakuwa nesi, hospitali kubwa ya Tanga, kofia nyeupe, na pikipiki yangu mwenyewe. Kila niliyemwambia alicheka. Nami nacheka naye, kesho yake naota tena palepale nilipoachia.

Sasa sikilizeni utaratibu wetu, maana bila huo hamtanielewa.

Saa watu hawakuwa nazo. Kulikuwa na kijiji nitakiita Kichangani, ng'ambo ya bonde. Pikipiki ikifika juu ya kilima cha upande huu, mlio unashuka bondeni kabla yetu. Wanawake wakisikia tuku-tuku, mmoja wao anabandika sufuria la maji. Walikuwa na zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mpaka sisi tushuke, tuvuke mto, tupande, maji yanatokota na baba anatumbukiza sindano zake humo. Enzi hizo sindano ilichemshwa, si hizi zenu za kutupa. Kina mama wameshajipanga uani, watoto mgongoni, maneno na vicheko.

Baba hakupiga honi. Hakuita mtu. Alikuwa mpole, sauti yake ya kuongea ilikuwa ya chinichini. Mlio wa pikipiki ndio uliomwitia watu.

Na kulikuwa na mlio wa pili uliojulikana kule.

Huo ulikuwa wa Bwana Afya. Alikuwa na lipikipiki likubwa, sailensa imetoboka kwa mawe ya barabarani, linanguruma na kupasuka ukiwa bado hujaliona. Kazi yake kukagua vyoo, na mitungi akikuta viluwiluwi vya mbu anaimwaga. Hayo watu waliyavumilia kwa kununa. Lakini mwaka ule zilikuwepo habari za ndui, na yeye alikuwa na amri ya kuchukua watoto wenye homa na vipele awapeleke karantini. Mabanda ya makuti, mbali, mama haruhusiwi kuingia. Mama mmoja wa kijiji cha jirani alichukuliwa mtoto, hakumwona tena.

Simlaumu sana Bwana Afya, huenda alifanya alichotumwa. Nasema tu kwamba baada ya hapo, mlio wake ukisikika, watu wanabeba watoto na kuingia porini. Mtoto mwenye homa ndiye anayetangulizwa.

Mimi nilijua hilo. Baba alijua. Kila mtu alijua.

Jumamosi ya wiki ile tulimkuta Kichangani mwanamke anaitwa Mwanaidi, amenizidi miaka mitatu minne hivi. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi saba, Athumani, wa kwanza kukaa baada ya mimba mbili kuharibika. Mtoto ana kichomi. Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, pua zinapepea. Baba akasema zinatakiwa sindano tano, siku tano mfululizo, bila kuruka hata moja. Ya kwanza akampa palepale.

Jumapili asubuhi tukarudi, ya pili. Mtoto alikuwa amenyonya kidogo. Mwanaidi alinishika mkono akaniambia, "Mwanahamisi, umeona? Ameninyonya!" Nikaandika daftarini: mbili. Nikachora na ua dogo pembeni, utoto.

Zilibaki tatu.

Sasa aje Hamza.

Hamza alikuwa mtoto wa mjomba wangu, fundi wa gereji ya shamba la mkonge, na nilikuwa nimeposwa naye. Mikono yake ilijua chuma. Mdomo wake haukujua kunyamaza. Alikuja nyumbani Jumapili ile alasiri, baba amekwenda msikitini. Akaizunguka pikipiki, akaipiga piga tangi.

"Hii ya mzee inalia kama paka mwenye mafua," akasema. "Mtu mkubwa anapita, watu hawageuzi hata shingo."

Nikamjibu, "Basi we fundi, si uifanye ilie kama ya watu?"

Hapo wakuu. Ni mimi. Mdomo wangu mwenyewe, hakuna aliyeniwekea maneno. Nilitaka tukipita mbele ya maduka ya Maramba watu wageuke waseme yule binti wa dakitari. Basi. Sikuwa na sababu nyingine, nimeitafuta miaka yote hii.

Alifungua nati mbili nyuma ya bomba, akavuta kwa koleo, kikagoma. Akagonga kwa nyundo. Kikatoka kibomba chembamba cheusi kimejaa matundu kama kifumbu cha kuchujia tui. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa kinameza kelele zote! Halafu akachukua msumeno wa chuma akaukata na mkia wa bomba, ili, kasema, moshi upate uwanja.

"Sasa nakupa dume," akasema. Akapiga kiki.

Mlio niliouandika pale juu, ndio huo.

Kuku wa jirani waliruka mpaka juu ya paa. Mtoto mahali fulani akalia. Na mimi, wakuu, nikapiga vigelegele.

Baba alirudi akiwa ameusikia tangu msikitini. Hakupaza sauti. Akauliza, "Nani kafanya hivi?"

"Zawadi yako mzee," Hamza akajibu. "Sasa inapumua. Na nguvu imeongezeka."

(Uongo. Kwenye kilima ilikuwa nzito kuliko mwanzo. Nawaona humu mnadanganyana vilevile.)

"Rudisha."

"Mkia nimeshaukata mzee, cha ndani hakishiki tena."

Baba aliinama akauchungulia mkia uliokatwa. Akasema kesho kuna wagonjwa, tutakwenda hivyohivyo, na Hamza amtafutie bomba jingine kabla ya Ijumaa. Akaingia ndani. Hakuwaza zaidi ya hapo, na mimi sikuwaza kabisa.

Jumatatu tukaondoka. Kwenye maduka watu waligeuka kweli. Wengine walishika masikio. Mimi nimejinyoosha kama bendera.

Juu ya kilima cha Kichangani baba akapunguza mafuta ili tuteremke, na hapo ndipo ilipoanza kupasuka. PAA! PAA! Bonde zima likaitikia. Nikamshika baba kiuno huku nacheka. Andikeni hilo, kwamba nilikuwa nacheka.

Kijijini hatukukuta mtu.

Hakuna moto. Hakuna sufuria. Milango imefungwa kwa kamba. Uani kuna kinu na ndani yake mpunga uliotwangwa nusu, mchi umelala chini. Kuku tu wanatembea.

"Labda wana msiba ng'ambo," baba akasema.

Tukakaa uani palepale tulipozoea, kimya, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Baba alikohoa mara moja mbili. Jua likapanda. Mlango wa Mwanaidi ulikuwa umefungwa kama mingine. Mwisho tukaondoka kwenda kijiji kingine, huko nako vilevile, watu wachache sana, na wale waliokuwepo wanatuangalia kwa mbali.

Sindano ya tatu haikuchomwa.

Jumanne tukarudi mapema zaidi, tukijua leo watakuwepo. Kimya tena. Ila mlangoni kwa Bi Mwanakombo, kikongwe asiyeona vizuri, tulimkuta mwenyewe ameketi anamenya kunde. Hata hatujamsalimu akatuanza.

"Choo kipo! Nenda kakichungulie mwenyewe, ukitumbukia shauri yako!"

Baba akasema, "Bibi..."

"Bibi yako nani? Mtungi wangu umeshaumwaga mara mbili mwaka huu. Haya mwaga na wa tatu. Nikachote tena na mgongo wa nani, wa mama yako?"

Ningecheka siku nyingine. Nikasogea karibu. "Shikamoo bibi. Ni mimi Mwanahamisi, binti wa dakitari."

Mikono ikasimama kwenye ungo.

"Dakitari gani?"

"Wa Maramba. Niko na baba hapa."

"Muongo wee. Dakitari hana sauti hiyo." Akaelekeza kidevu kule pikipiki ilikoegemezwa. "Sauti hiyo ni ya yule mchukua watoto. Jana kaja, leo kaja. Watu wako porini tangu jana, mimi nimebaki kwa kuwa miguu haitaki."

Wakuu, sijui niwaelezeje. Nilimtazama baba, baba hakunitazama.

Akauliza, "Mwanaidi yuko wapi?"

"Katoka jana na kitoto chake. Nani anaaga siku kama hizo?"

Baba akaiacha pikipiki pale. Akabeba sanduku kichwani, yeye mwenyewe, akaingia kwenye vijia vya porini akiita. "Ni mimi! Dakitari! Tokeni!" Sijawahi kumsikia baba yangu akipiga kelele kabla ya siku hiyo.

Wakaanza kutoka mmojammoja, majani kwenye nywele. Wengine wanacheka, wengine wamevimba.

"Mimi na tumbo hili nimelala kwenye upupu tangu jana, angalia miguu yangu dakitari!"

"Umenunua lipikipiki la Bwana Afya au umemuibia?"

Mwanaidi hakutoka. Hakuna aliyejua alikokwenda. Alasiri mvua ikashuka, ile ya kuona umbali wa hatua kumi tu, tukarudi Maramba kwa miguu, pikipiki tukaiacha kulekule.

Sindano ya nne haikuchomwa.

Nilivyofika sikuingia ndani. Nilikwenda moja kwa moja gereji ya shamba, nimelowa, kanga inachuruzika. Hamza yuko na mafundi wenzake wanakunywa chai.

"Nirudishie kile kibomba."

"Kipi? Kile nimekifanya mpini wa patasi." Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mke wa fundi kaja na amri, simama wima!"

Nikamwambia mbele yao, "Kuna mtoto hapati sindano zake kwa sababu yangu na yako. Watu wanatukimbia wakidhani ni Bwana Afya."

Akafuta mikono kwenye kitambaa, polepole. "Mtoto na ekzosi wapi na wapi? Kelele haziui mtu, Mwana. Nenda kavae nguo kavu."

Sasa mnajua kwa nini niliisoma sentensi ile mara tatu.

Jumatano tuliondoka Maramba alfajiri kwa miguu, baba, mimi na sanduku. Chini bondeni tukamkuta mzee mmoja anayelinda mpunga, akasema jana aliona moshi kwenye dungu lililoachwa kule mwisho wa mashamba. Dungu ni kibanda cha juu cha kulindia ndege, wenyeji mnajua. Paa lake la majani limetoboka.

Mwanaidi alikuwa humo. Siku mbili. Amemfunga mtoto kifuani na kanga yake ya pili, yeye mwenyewe anatetemeka kwa baridi.

Alipotuona alilia kwa furaha. Nataka mlisikie hili vizuri. Kwa furaha.

"Alhamdulillahi dakitari umekuja! Nimemficha, hawakumpata. Jana wamekuja tena, hawakumpata!"

Baba akapanda, akamshika mtoto. Athumani alikuwa halii. Midomo ina rangi ya zambarau, na zile mbavu zilizokuwa zinaingia ndani zilikuwa zimechoka hata kuingia.

"Maji," baba akasema.

Tulikuwa na kuni mbichi na kijisufuria kimoja. Nilipuliza moto ule mpaka kichwa kikazunguka. Nawaapia sijawahi kuona maji yanayochelewa kuchemka kama yale. Hakuna aliyeyabandika mapema. Hakuna aliyetusikia tukija.

Sindano ya tatu alichomwa saa nne asubuhi hivi. Kabla ya adhuhuri mtoto alifariki, yuko mapajani mwa mama yake. Mwanaidi alikuwa anampepea nzi, akaendelea kumpepea, mpaka baba alipomshika mkono.

Tulizika siku ileile.

Sasa hasira zangu hazijaishia hapo, ndiyo kwanza.

Msibani kila mtu alimlaani Bwana Afya. Kwamba ndiye kamkimbiza mama na mtoto mgonjwa mvuani. Wakati wiki ile nzima yule mtu hakukanyaga Kichangani! Baba alisimama mbele ya wanaume akasema, "Pikipiki ile ilikuwa yangu. Kosa ni langu." Halafu mmoja akasema ni amri ya Mungu, wengine wakaitikia, wakampa baba mkono, yakaisha.

Astaghfirullah, lakini nilikasirika. Mungu hakuukata mkia wa lile bomba. Msumeno niliuona, na aliyeushika namjua, na aliyemwagiza namjua zaidi.

Hamza alikuja nyumbani kutoa pole. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Mtoto wa kichomi kile alikuwa anaondoka tu. Msijisumbue nafsi."

Nilisimama nikamwambia, "Toka. Na mwambie mjomba posa yenu aje aichukue."

Mama alinishika kanga, mjomba alinuna mwaka mzima, shangazi zangu walisema nimerogwa. Nilibaki hapohapo. Niliolewa baadaye na mtu mwingine, mtu mzuri, Mungu amrehemu, aliyekuwa na baiskeli.

Siku ya tatu baada ya mazishi, khitma imekwisha, nilikwenda Kichangani peke yangu. Wanaume walikuwa wameambiwa lakini nikajua Mwanaidi hajaambiwa, maana alikuwa bado ananiita mdogo wangu na kunisogezea mkeka.

Nikamwambia yote. Hamza, msumeno, vigelegele vyangu. Na kwamba Jumatatu na Jumanne tulikuwa sisi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu kabisa:

"Jumatatu ni nyinyi mliokaa hapa uani?"

"Ndiyo."

"Kabla ya kukimbilia dunguni nilikuwa hapo migombani." Akanionyesha. Si mbali, wakuu. Hatua ishirini hivi. "Nilimfunika na kanga asikohoe. Nikasikia mtu anakohoa huku uani, nikazidi kumbana."

Nikageuka kuiangalia ile migomba.

"Mbona hamkuita?" akasema. "Mwanahamisi. Midomo mlikuwa nayo. Mngesema neno moja tu, ningeijua sauti yako."

Hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Tulizoea mashine itusemee. Tulipoiharibu, ikatusemea vingine, na sisi tumekaa pale kimya na sauti zetu kooni.

Baba aliipeleka pikipiki Tanga kwa fundi mmoja wa Kihindi, akaitengenezea bomba jipya. Ikarudi na tuku-tuku yake. Lakini Kichangani ulipita msimu mzima kabla ya mtu kubandika maji kwa kuisikia. Kila safari baba aliizima juu ya kilima, akashuka kwa miguu akiisukuma, huku anaita, "Ni mimi! Ni mimi dakitari!" Mtu mpole yule. Mpaka sauti ikamkauka, akawa na mkwaruzo ambao hakuuacha tena.

Haya. Funzo langu ni hili, mlichukue au mliache.

Mlio wako unafika mahali kabla yako. Wewe uko nyuma unafurahia upepo, hujui huko mbele umemwambia nani nini. Labda umemwambia mgonjwa kwamba mwisho umefika. Labda umemwambia mama ambebe mtoto akimbie. Hutamwona, atakuwa ameshajificha. Ndiyo maana mnasema haziui mtu. Waliokufa hawakuwa barabarani wakati mnapita.

Na wewe kijana uliyeanzisha uzi ule, sikuchukii. Nilikuwa kama wewe, nilitaka watu wageuke tu. Kama umeshakata, nenda kwa fundi akuwekee nyingine leo. Usingoje Ijumaa.

Wenye la kusema semeni, uwanja ni wenu. Wenye kunitukana pia, nimeshaitwa mengi. Mafundi wa ekzosi nawasubiri kwa hamu zaidi. Tena kama kuna mtu wa Maramba humu mwenye bibi wa umri wangu, amuulize, halafu aje aseme kama nimeongopa.

Niishie na jambo dogo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata baba.

Siku ile Mwanaidi aliponiuliza vile, aliinuka akaingia ndani akafunga mlango. Hakuupiga, aliufunga tu. Nikabaki uani. Nikashika njia ya kurudi.

Pembeni ya njia palikuwa na kishamba chake cha muhogo, na kwa siku zile alizokuwa mbali na zile za msiba, magugu yalikuwa yamepanda juu ya matuta. Niliangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu, wala sikuwa na jembe. Nikafunga kanga kiunoni, nikapiga magoti kwenye tuta la kwanza, nikaanza kung'oa ndago kwa mikono, moja baada ya moja, na mizizi yake. Nilimaliza matuta manne. Vidole vilikuwa vinatoka damu. Nikayakusanya magugu yote nikayatupa mbali, nikafuta nyayo zangu kwenye udongo kwa tawi, nikaondoka.